Nekesa, hukuondoka peke yako

Mwanangu Nekesa,

Salamu kutoka Kaloleni. Sote tu wazima, ila mwanao Baraka anakohoa kidogo. Baridi ya Julai ya Nairobi unaijua.

Juzi kwenye simu ulisema kwenda Leeds ni uamuzi wako na haumhusu mtu mwingine. Nilinyamaza kwa kuwa bando lilikuwa linaisha. Sasa nakujibu.

Babu yako alipanda gari la moshi Butere akaja Nairobi kutafuta kazi ya reli. Wakubwa wakampeleka Tororo. Leo kwenda Tororo lazima upite kaunta za uhamiaji. Yeye alipewa barua ya uhamisho tu, maana reli ilikuwa moja, ya Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, akarudi na masanduku yake. Dada yangu alikuwa ameshaolewa kule, akabaki. Ndiyo maana mama yako mkubwa ni Mganda: karani fulani alipiga muhuri.

Wewe nawe ulilia ulipopangiwa kazi hospitali ya Lodwar. Lakini huko ndiko ulikozoea kukaa mbali nasi, tena ndiko ulikopata uzoefu wa wodini waliouulizia Waingereza. Bila Lodwar, Leeds ungeisikia kwenye mpira tu.

Sasa tazama nyuma yako. Mimi nilikuwa nirudi Butere nikalime. Nimebaki mjini kwa ajili ya Baraka. Magoti yaliponikatalia, tukamwita Nafula wa mjomba wako aje anisaidie. Alishuka stendi ya Kantri Basi na begi la nailoni na gunia la mahindi mabichi, hajawahi kuvuka Kisumu. Ameona jinsi pesa zako zinavyoingia kwenye M-Pesa yangu kila mwisho wa mwezi. Wiki iliyopita, nikitandika kitanda, nikakuta picha zake za pasipoti chini ya mto. Kuna ajenti amemwahidi kazi ya nyumba Riyadh. Sijamgombeza. Ningemwambia nini, na wewe uko Leeds?

Mpigie kabla ya Ijumaa, wewe atakusikiliza. Asilipe hata shilingi kabla hajahakikisha ajenti huyo yumo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na mkataba akutumie uusome kwanza.

Akishikilia kwenda, tuambizane mapema nani atakuwa akimchukua Baraka shuleni. Mimi naona sasa ni zamu ya mume wako kuomba uhamisho kutoka Eldoret.

Mama yako