Mkikodi boti ya Ssese, ulizeni kamba ya nanga

Ndugu Mhariri,

Wanandoa wengi sasa wanakodi boti ndogo Entebbe, wanazunguka visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria na kurudi jioni. Tangu boti ya starehe MV Templar izame upande wa Mukono tarehe 24 Novemba 2018 na kuua watu zaidi ya 30, wateja wamejifunza kudai majaketi ya kuokolea. Ni jambo jema sana. Lakini kwenye matembezi ya aina hii boti hushinda imetia nanga, na habari ya nanga haiulizwi.

Kamba ya mita 10 haitoshi hata ghubani. Pimeni kina, ongezeni kimo cha omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, juu ya maji, kisha zidisheni mara saba. Kina kikiwa mita 4 na omo mita 1, achieni mita 35. Kamba fupi huinyanyua nanga hadi makucha yang'oke; ndefu huivuta kwa ulalo, ikazidi kuzama topeni. Kati ya nanga na kamba pawe na mnyororo wa mita 3 hadi 5, uzito wake uulaze mvuto chini. Jiwe la kufunga kamba hushika kwa uzito tu, hivyo boti isiachwe peke yake juu ya jiwe.

Watu wawili wanatosha wakipatana mapema. Mmoja akae omo, mwingine kwenye injini, na waelewane kwa ishara za mikono kwa sababu ya kelele. Elekezeni omo upepo unakotoka, boti isimame, ndipo nanga ishushwe polepole. Ikirushwa, mnyororo huiangukia na kuizonga. Boti ikianza kurudi nyuma, achieni kamba kidogo kidogo, ifungeni, kisha tieni gia ya nyuma taratibu. Ubavuni, chagueni mti na paa la nyumba vilivyo mstari mmoja. Vikizidi kuachana, nanga inaburuta. Hata kiganja juu ya kamba kitawaambia: nanga inayoburuta huitetemesha kamba kwa mishtuko.

Kamba ifungwe omo, kamwe si tezi, yaani nyuma ya boti. Tezi ndiko iliko injini na ubao wake ni mfupi, wimbi huingia moja kwa moja. Picha za Ugiriki za boti zilizofunga tezi gatini zisiwadanganye: kule nanga iko omo, na gati la mawe liko nyuma.

Ghuba shwari asubuhi si lazima iwe shwari mchana. Upande huu wa kaskazini mwa ziwa, upepo wa mchana kwa kawaida hutoka kusini, kwa hiyo tafuteni ghuba inayotazama kaskazini, nje ya njia ya feri. Magugu maji yakianza kusukumwa kuelekea kwenu, hameni mapema. Yakijikusanya kwenye kamba huing'oa nanga, tena huziba tundu la maji ya kupozea injini. Mafuta yagawanywe mafungu matatu: la kwendea, la kurudia na la akiba.

Kwa wenye boti, ombi letu ni mita 50 za nailoni ya milimita 12. Nailoni hunyumbuka wimbi linapopiga, na huzama. Kamba za plastiki zinazoelea ziondoeni, maana ndizo zinazojisokota kwenye panga boi la injini wakati wa kung'oa nanga.

Manahodha wa boti ndogo,
Entebbe