Kigoma: si kila ufuko ni wa kuogelea

Mhariri,

Likizo zikikaribia, magazeti huisifia Kigoma kwa maji maangavu, mchanga na sokwe wa Hifadhi ya Gombe. Sifa hizo ni za haki. Kinachokosekana ni kumwambia mgeni wapi aingie majini na wapi aishie kutazama, na familia zinazokuja na watoto zinalihitaji hilo kuliko picha.

Aliyezoea bahari ajue kwanza kwamba maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi, hivyo hayauinui mwili kama ya bahari. Anayeelea bila shida Kigamboni atachoka haraka hapa. Tena chini hushuka ghafla. Kilindi kikuu cha ziwa hili ni kama mita 1,470, na mahali pengi karibu na mji, hatua chache baada ya maji ya kiunoni huna tena pa kukanyaga. Weupe wa maji nao unahadaa: jiwe linaloonekana la kufikika kwa mguu huwa chini zaidi ya jicho linavyokadiria. Mtoto asiachwe kwa kuwa tu "anaonekana".

Pazuri pa kuogelea ni vighuba vya mawe vinavyopigwa na mawimbi, kama vile vya Jakobsen, kusini-magharibi mwa mji. Chukua miwani ya kuzamia, ulale kifudifudi juu ya maji pembeni mwa miamba bila kupiga miguu. Utaona samaki wadogo wa rangi nyingi, ambao wengi wao hawapatikani kokote duniani ila ziwani humu. Majike wa baadhi yao hubeba mayai na vifaranga mdomoni. Kwangu hiki ndicho kivutio cha kwanza cha Kigoma, na hakidai kusafiri mbali.

Epuka maji yaliyotuama, yenye majani na matete, hasa jirani na vijiji, kwa sababu konokono wa kichocho hukaa humo. Ukiwa umeyaingia, usimeze dawa siku ileile ukadhani umemaliza kazi: dawa hiyo, prazikwanteli, huua minyoo ya kichocho iliyokomaa, na ile michanga huiponyoka. Nenda hospitali baada ya wiki 6 hadi 8, ueleze ulikooga, upimwe.

Mdomo wa Mto Malagarasi, upande wa Ilagala, ni pa kutazama tu. Mto huleta tope, na katika maji ya tope humwoni mamba. Ndege na matete vinatosha kuijaza siku, lakini nenda na nahodha wa huko huko anayezijua njia za viboko. Kiboko hula nchi kavu usiku na kurudi majini alfajiri, kwa hiyo hema lisipigwe kwenye njia yake, wala boti isikatize kati yake na kina.

Kuhusu boti, za abiria wa Gombe huondokea Kibirizi. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki huchafua ziwa, na msimu wa mvua dhoruba huzuka ghafla. Anayekodi boti apange kuondoka asubuhi. Kabla ya kupanda, ulizia mafuta ya akiba na ndoo ya kutolea maji. Ukiona ukingo wa boti uko juu ya maji kwa kiasi kisichofika urefu wa mkono kutoka kiwiko, shuka. Jaketi la kuokolea maisha la mtoto lijaribiwe nchi kavu: lifunge, umwinue kwa kulishika mabegani. Likimpanda hadi masikioni, ni kubwa, na majini atachomoka. Majaketi ya watoto ni haba, na wenye boti wanapaswa kulirekebisha hili kabla ya kupaka rangi mpya.

Gombe kwenyewe, mwenye mafua au kikohozi asiende kwa sokwe, hata kama amelipa, kwa maana magonjwa yetu ya kifua huwaua. Vaa barakoa, kaa mita 10, usile mbele yao. Umri wa mtoto anayeruhusiwa kuwafuata uulizwe kabla ya kulipia.

Naomba makala zenu zijazo kuhusu fukwe zetu ziandike jina la kighuba, hali ya chini yake na saa za upepo. Nasi wakazi tuwashinikize wenye fukwe waweke vibao vinavyosema "kina hushuka hapa", kwa herufi zinazosomeka kutoka mchangani.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma