Sensa za eabegi kwenye Hilux zimekaa wapi, na kwa nini hatuzimi taa tu

Mteja mwenye pikapu akifika na shida ya eabegi (mfuko wa hewa unaojaa ghafla kukukinga kwenye ajali), ombi huwa ni lile lile: "Fundi, niondolee hiyo taa." Tunamwelewa, maana taa nyekundu inakera. Lakini taa inasema kuna kitu kimekatika au kimeharibika, na kazi yetu ni kukitafuta hicho. Hapa tutaeleza kwa Toyota Hilux, hasa matoleo ya Vigo, yaliyoanza mwaka 2004, na Revo yaliyofuata, kwa kuwa ndiyo tunayoyapokea zaidi.

Ukifungua swichi, taa ya eabegi huwaka kama sekunde 6 kisha huzima. Hapo kompyuta ya eabegi inajikagua. Ikiendelea kuwaka, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa ndiyo mbaya zaidi: huenda mtu alitoa balbu ili auze gari. (Zipo pia Hilux zilizotoka kiwandani bila eabegi, kwa hiyo kwanza angalia kama usukani wako una maandishi ya SRS, yaani alama ya mfumo wa eabegi.)

Sensa za mbele ni mbili, kulia na kushoto, nyuma ya bampa karibu na taa kubwa. Ni kiboksi kidogo kinachoenea kiganjani, kimekazwa kwa bolti kwenye chuma cha mbele. Kompyuta yenyewe iko ndani, chini ya dashibodi katikati, imefungwa kwenye sakafu, nayo ina sensa yake. Sensa za mbele zinapata kishindo mapema, ile ya ndani inathibitisha, ndipo mfuko unafyatuka. Kuanzia kugonga hadi mfuko kujaa haifiki hata sehemu ya ishirini ya sekunde. Kwa gari lenye eabegi za pembeni, tafuta sensa chini ya nguzo ya katikati, pale mkanda unapotokea. Dabo kebini zenye eabegi za pazia zina nyingine upande wa nyuma.

Sasa sikiliza hii. Ililetwa Vigo dabo kebini iliyokuwa imegonga ng'ombe usiku, ikanyooshwa bodi na kupigwa rangi kwingine. Kwa nje ilikuwa safi kabisa. Mashine ya kusoma hitilafu ikatoa namba ya kosa B1615, yaani sensa ya mbele kushoto. Tulipovua bampa tukaikuta imefungwa kwa kamba ya plastiki, inaning'inia, breketi yake imepinda, na waya umeungwa kwa kusokotwa tu na kuzungushiwa selotepu. Mwenye gari alikuwa akipakia familia yake kila wiki akiamini eabegi zipo.

Sensa hupima jinsi chuma ilichokazwa kinavyopunguza mwendo ghafla. Ikining'inia, inapima kuyumba kwake yenyewe. Ndiyo maana kuipata na kuchomeka plagi hakutoshi. Lazima ikae kwenye tundu lake la asili, breketi ikiwa imenyooka, bolti imekazwa sawasawa, na chuma kisiwe kimeoza kwa kutu. Bodi ikinyooshwa vibaya, sensa nayo inakaa vibaya. Kwa sababu hiyo hiyo, ukitaka bampa la chuma, chukua lililotengenezwa kwa ajili ya gari lako na eabegi zake. Lile la kuchomelewa tu mtaani linabadilisha namna kishindo kinavyofika kwenye sensa.

Si kila taa ni sensa. Honi ikikataa pamoja na taa ya eabegi kuwaka, tunaanza na waya wa mzunguko ulio ndani ya usukani. Taa ikija na kuondoka unaposogeza kiti, tunaangalia plagi za njano chini yake. Na tafadhali, usimwage maji sakafuni unapoosha kebini. Zulia linalowana siku nzima linaozesha plagi hizo, na kompyuta haiko mbali.

Kuna mafundi wanaoweka rezista (kifaa kidogo cha kuzuia umeme) mahali pa eabegi ili kompyuta idhani eabegi ipo. Sisi hatufanyi hivyo kwa bei yoyote, kwani siku ya ajali kitakachopokea umeme ni rezista, na mbele ya uso wako hakuna mfuko. Sensa iliyotoka kwenye gari la ajali hatuifungi, wala iliyoanguka kwenye sakafu ya zege, hata kama haina mkwaruzo.

Ukitaka kuchungulia mwenyewe, tazama tu. Usipime waya za njano kwa tesita. Zile zinazokwenda kwenye mfuko zinaweza kuufyatua. Sisi wenyewe tunatoa waya hasi wa betri na kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa plagi yoyote.

Ukija, tuambie kama gari limewahi kugongwa, hata kidogo, na kama bampa limewahi kufunguliwa. Hilo linatuokolea muda, nawe pesa. Kazi ikiisha, utakaa kwenye kiti cha dereva, utafungua swichi mwenyewe, na utaitazama taa ikiwaka na kuzima kabla hujalipa.