Mafua ya kipupwe hayatibiwi kwa vidonge vya rangi mbili

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linaloniumiza kila baridi ya Juni na Julai inapotushukia sisi wakazi wa Njombe. Wiki iliyopita, katika duka la dawa la mtaani kwetu, alinitangulia mama aliyebeba mtoto mgongoni, makamasi yakimtiririka. Muuzaji hakuuliza umri wa mtoto wala siku alizougua. Alichukua mkasi, akakata vidonge vinne vya antibayotiki, vile vya rangi mbili, akamwelekeza mama afungue kila kimoja, akoroge unga wake kwenye maji, ampe mtoto asubuhi na jioni.

Mafua na vikohozi vingi vya msimu huu huletwa na virusi, ilhali antibayotiki huua bakteria tu. Kwa hiyo vidonge vile havikuwa na cha kumponya mtoto yule, isipokuwa kuwazoesha bakteria waliomo mwilini mwake dawa ambayo siku moja ataihitaji kwelikweli. Mafua ya kawaida huisha yenyewe ndani ya siku saba hadi kumi, ingawa kikohozi huweza kuchelewa kidogo. Asali waliyotulambisha bibi zetu hulainisha koo na kupunguza kikohozi cha usiku, na ninasikitika kuona tunaidharau kwa kuwa haitoki dukani. Hata hivyo, mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe kabisa, maana asali huweza kuwa na mbegu za bakteria wanaotoa sumu ya kupoozesha misuli. Mtu mzima anayewashwa na koo asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

Sisemi watu wakae na ugonjwa nyumbani. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano anayepumua mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au ambaye kifua chake kinabonyea anapovuta pumzi, huenda ana nimonia, na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Mwenye kikohozi cha wiki mbili akapimwe kifua kikuu. Yapo pia maumivu ya koo yanayotokana na bakteria, na hayo, yakitibiwa nusunusu, huweza kuharibu vali za moyo wa mtoto. Ndiyo maana mganga akiandika dozi, imezwe yote.

Ninawaomba wenye maduka ya dawa, kabla hawajashika mkasi, wamfunue mtoto kanga, wamtazame kifua na kumhesabia pumzi kwa dakika moja nzima.

Mzazi,
Njombe