Wifi yangu, ulianzia katikati

Wifi,

Salamu, na watoto nawabusu. Najua bado umeninunia kwa vile nilikukatiza kusoma pale harusini. Na mimi pia, basi tuko sawa.

Ile karatasi uliyomshikia bi harusi usoni hainitoki. Ukaanzia pale pa kumpapasa mume aliyelala, kumpepea, kumnyoa, kumfukizia udi, ukaikunja, vigelegele. Huo ni Utenzi wa Mwana Kupona, wasia wa mama kwa bintiye, na una beti 102, wifi. Wewe ulisoma ngapi?

Kabla ya udi kuna radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume ndiyo ya tano. Nne umezimeza. Kabla ya hizo kuna kushika dini, kuwa na adabu, kusema kweli. Na kabla ya yote kuna mama mgonjwa: ubeti wa pili anasema maradhi yamemshika hata yametimu mwaka, hajapata kumwambia mwanawe neno jema. Wa tatu anamwita asogee, aketi, na wino na karatasi. Hapo ndipo penyewe. Mwana Hashima, binti anayeusiwa, alikuwa msichana wa miaka kama 17. Babake, Bwana Mataka wa Siyu, aliyewakatalia watu wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, miaka nenda miaka rudi, alishafariki 1856. Utenzi ni wa 1858, na mama naye hakufika mbali: baada ya miaka michache hayupo. Mwishoni anajiita gharibu, yaani mgeni, mwenye hazani, yaani huzuni, ndipo ataje jina na Pate alikozaliwa na mwaka wa 1275 Hijria. Mwenye jina la Kupona anaomba aponywe!

Hata hayo ya mume anayasema mjane. Anasimulia jinsi mumewe, kifo kilipomfikia, alivyomkariria radhi. Huo ni ushahidi wake, wewe umeufanya fimbo ya kumchapia mtoto wa watu siku yake ya furaha.

Sasa kusoma. Kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani 8. Vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, cha nne hufunga kwa -a mpaka mwisho wa utenzi. Hesabu kwa vidole: ne-ge-ma-wa-ngu-bi-n-ti. Ile n ya "binti" ina mizani yake, usiipite. Wewe ulisema "sikiza wasiati", hiyo saba. Ni "upulike wasiati", yaani usikie wasia, nane. Kiamu hicho, Kiswahili cha Lamu, si kosa la mwandishi. "Ndoo" ni njoo, "mbee" ni mbele.

Ukipata nakala ya hati za Kiarabu, twende polepole: waandishi wa zamani walitumia herufi ba kwa b, kwa p na kwa mb, alama ya kasra kwa i na e, alama ya dhumma kwa u na o. Neno moja lasomeka namna tatu, maana ndiyo iamue. Wengi hukosea hapo, kisha husema ushairi wa kale haueleweki.

Ndiyo maana nilikukatiza mbele za watu. Si dharau. Wangesema nini wazee wa Lamu waliokuwa wamekaa pale? Tena nilikukatiza mara moja tu, na kwa sauti ya chini, hata kama wewe unasema nilipiga kelele.

Nakala yangu, beti zote, nimekuwekea kwa mama chini ya mto wake. Anza ubeti wa kwanza. Na usiikunje, karatasi imechakaa.