Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa klabu yetu: Futa ile ahadi ya kurudi Ligi Kuu ndani ya msimu mmoja

Ndugu Mwenyekiti,

Tumeshuka daraja. Naanza na neno hilo kwa sababu taarifa ya klabu iliyotoka usiku wa mechi ya mwisho haikulitaja hata mara moja. Ilizungumzia "msimu mgumu" na "matokeo ambayo hayakwenda upande wetu", ikawashukuru wadhamini, kisha ikamalizia kwa ahadi yako kwamba tutarudi Ligi Kuu ndani ya msimu mmoja. Wenzangu wengi waliipokea ahadi hiyo kwa mikono miwili na kuisambaza, na siwalaumu, maana mtu mwenye uchungu hushika kilicho karibu. Mimi nakuandikia kukuomba uifute.

Nataka turudi kama anavyotaka shabiki yeyote wa klabu hii. Lakini ahadi ya kurudi haraka ina gharama, na gharama hiyo hukuitaja. Ili kuitimiza itabidi muwabakize wachezaji wenye mishahara ya Ligi Kuu wakati mapato ni ya daraja la chini, msajili kwa pupa wenye majina makubwa, na mkope kwa kutegemea fedha za kupanda daraja ambazo bado hazipo. Msimu wa kwanza ukishindikana, wa pili unaanza na madeni, na hapo ndipo klabu inaposhuka tena.

Waangalie Sunderland. Walishuka kutoka Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2017, baada ya kukaa humo misimu 10 mfululizo. Mwaka uliofuata wakashuka tena hadi daraja la tatu, wakasota huko misimu minne, na Ligi Kuu hawakuiona tena mpaka 2025. Na hao ni watu wa Uingereza, ambako klabu iliyoshuka huendelea kupewa mgawo wa fedha za matangazo ili isianguke ghafla: asilimia 55 ya fungu ambalo kila klabu ya Ligi Kuu hugawiwa sawa, mwaka wa pili asilimia 45, na mwaka wa tatu asilimia 20 kwa iliyokuwa imekaa juu zaidi ya msimu mmoja. Sisi fedha hizo hatuna. Kuanzia msimu ujao tutaishi kwa viingilio, ada za wanachama na wadhamini watakaokubali kubaki.

Sasa nije kwenye ile kona ya mechi ya mwisho iliyozaa bao la kutushusha, kwa sababu hakuna anayezungumza kitu kingine. Ilipigwa dakika za nyongeza kuelekea nguzo ya karibu. Beki wetu aliruka mapema, mpira ukampita juu ya kichwa. Kipa alikuwa ameshatoka golini, akasita katikati ya safari, na mshambuliaji wao akaugonga kwa kichwa akiwa peke yake, hatua chache tu kutoka mstari wa goli. Tangu siku hiyo yule beki kijana anatukanwa mitandaoni asubuhi na jioni. Kuna waliomtumia ujumbe ambao hata mama yake ameusoma.

Yule si beki wa kati, Mwenyekiti, na wewe unajua. Ni beki wa kushoto. Alihamishiwa katikati baada ya dirisha dogo la usajili, mlipomuuza nahodha wetu na kutuambia kwamba mbadala wake yuko njiani. Mbadala hakufika. Kocha aliyekuwepo alilisema hilo waziwazi mbele ya waandishi, na haikuchukua muda akatimuliwa. Kijana akaendelea kucheza nafasi isiyo yake, wiki baada ya wiki, bila kulalamika, akiruka na washambuliaji wanaomzidi urefu. Filimbi ya mwisho ilipolia, wakongwe wengi walikimbilia chumba cha kubadilishia nguo. Yeye alizunguka uwanja mzima akitupungia mikono, analia, na jukwaa letu likampigia makofi. Nakuomba umtetee hadharani, kwa jina lake, na useme ni nani aliyeidhinisha mauzo yale. Ukikaa kimya, watu wataendelea kuamini kwamba klabu nzima ilishushwa na mguu wa mtu mmoja.

Hakuna timu inayoshuka kwa kona moja. Argentina walikuwa na utaratibu uliolionyesha jambo hili vizuri kuliko msimamo wa ligi wa kawaida: anayeshuka alipatikana kwa wastani wa pointi za misimu mitatu. Kwa hesabu hiyo River Plate walijikuta mwaka 2011 wakicheza mechi mbili za mchujo dhidi ya Belgrano. Walifungwa 2-0 ugenini, wakatoka sare ya 1-1 nyumbani, na klabu iliyokuwa haijawahi kushuka ikashuka. Ungewauliza mashabiki wao ni lini timu ilishuka, wenye kumbukumbu wangekutajia misimu kadhaa ya nyuma. Kwetu nami nikiulizwa nitataja usajili wa miaka miwili iliyopita, tulipoanza kununua washambuliaji kila dirisha na kuacha safu ya ulinzi izeeke.

Kwenye mahojiano yako ya televisheni ulisema timu inayofunga mabao kama yetu haikustahili kushuka. Msimu wa 1937/38, Manchester City wakiwa mabingwa watetezi walifunga mabao 80, mengi kuliko timu yoyote kwenye daraja lao. Walifungwa 77. Wakashuka. Mpira hautoi zawadi kwa upande mmoja wa uwanja, na sidhani kama kuna mtu kwenye benchi letu la ufundi ambaye angekuficha hilo kama ungemuuliza.

Kuhusu makocha nitasema machache. Tumemaliza msimu na kocha wa tatu, na sasa nasikia anatafutwa wa nne. Schalke ya Ujerumani walipita kwa makocha watano katika msimu wa 2020/21, wakashinda mechi tatu tu za ligi na kushuka mwezi Aprili, kabla msimu haujaisha. Kila kocha anakuja na mfumo wake, anataka wachezaji wake, na wale wa mtangulizi wake wanabaki kulipwa wakiwa jukwaani. Aliyepo sasa aliikuta nyumba inaungua. Kama kuna sababu ya kumwondoa, tuambieni ni ipi. Kama hakuna, mwacheni aanze maandalizi ya msimu akiwa na timu aliyoichagua mwenyewe.

Jambo ninalotaka ulijibu kuliko yote ni mikataba. Klabu inayoendeshwa kwa tahadhari huweka kwenye mkataba wa kila mchezaji kifungu kinachopunguza mshahara pale timu inaposhuka. Sunderland walipata tabu kubwa kwa sababu ya mchezaji mmoja wa mshahara mnono ambaye mkataba wake haukuwa na kifungu hicho. Hakuwa anacheza, hakuwa na haraka ya kuondoka, na klabu ilipaswa kumlipa. Alikuwa na haki yake kisheria, na kosa lilikuwa la aliyeuandika mkataba.

Je, wachezaji wetu wangapi wana kifungu hicho? Nimeuliza ofisini nikaambiwa mikataba ni siri. Sitaki kujua mshahara wa mtu. Nataka idadi: wangapi mishahara yao inashuka pamoja na timu, wangapi haishuki, na jumla ya mishahara itakula sehemu gani ya mapato ya msimu ujao. Hayo yanaweza kusemwa mbele ya wanachama bila kumvunjia mtu yeyote siri yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi ya klabu za mpira mara zote yamo kwenye kabati la mikataba. Ukituonyesha hesabu mbaya tutaumia, lakini tutajua tunaanzia wapi, na pengine utashangaa ni wanachama wangapi watakaokuwa tayari kulipa ada ya mwaka mzima kwa mkupuo ili kusaidia.

Kuna habari nyingine inayozunguka, na naomba uikanushe kama si kweli: kwamba timu za vijana zitasimamishwa "kwa muda" ili kupunguza matumizi, na kwamba uwanja wa mazoezi umeshatafutiwa mnunuzi. Leeds United ya Uingereza walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2001 kwa fedha za mkopo, wakitegemea kwamba wataendelea kucheza mashindano hayo. Hawakuendelea. Wakauza wachezaji mmoja baada ya mwingine, wakashuka 2004, na mwaka huohuo wakauza uwanja wao wa Elland Road pamoja na ule wa mazoezi. Mwaka 2007 wakaanguka hadi daraja la tatu. Kurudi Ligi Kuu kuliwachukua miaka 16, na uwanja wao waliununua tena 2017. Mchezaji unayemuuza unaweza kupata mwingine dirisha lijalo. Uwanja wa mazoezi ukishauzwa, watoto wanaocheza pale Jumamosi asubuhi wanahamia kwingine, na kipaji ambacho kingekuokoa baada ya miaka mitano kinakua kwenye jezi ya mtu mwingine.

Linganisha na River Plate hao hao. Baada ya kushuka, nahodha wao Matías Almeyda aliacha kucheza na akakabidhiwa ukocha papo hapo. Wakongwe kadhaa walioipenda klabu walirudi, na pembeni yao wakacheza vijana wa nyumbani, akiwemo Lucas Ocampos aliyekuwa na miaka 17. Walipanda 2012. Najua utautumia mfano huu kunijibu kwamba kurudi ndani ya msimu mmoja kunawezekana, na kweli kunawezekana. Lakini tazama walirudi na akina nani. Tazama pia wale waliorudi kwa haraka halafu hawakudumu: Leicester City, mabingwa wa Uingereza wa 2016, walishuka 2023, wakapanda 2024, wakashuka tena 2025. Schalke nao walipanda 2022 na kushuka 2023. Kupanda kabla hujaitibu timu ni kujipeleka tena kwenye kipigo kilekile.

Na watu wa kazi za nyuma ya pazia? Mtunza vifaa wetu yuko pale tangu enzi ambazo wachezaji wa sasa walikuwa hawajazaliwa. Siku ile, wachezaji walipoondoka, alibaki anaokota soksi na jezi sakafuni, anazihesabu na kuzitenga zilizochanika, kama alivyofanya baada ya kila mechi tuliyoshinda. Nasikia yeye, wafuaji, mpishi na watunza nyasi wamepewa barua za notisi. Sidhani kama mishahara yao wote ikijumlishwa inafikia ya mchezaji mmoja tu kati ya wale waliomaliza msimu wakiwa majeruhi wa kudumu. Ukiwaondoa hao utaokoa fedha kidogo sana, na utawaonyesha wachezaji wote wanaobaki kwamba hapa anayelipia makosa ni yule asiyekuwepo wakati yanafanyika. Barua hizo zirudishwe.

Badala ya ahadi, tupe mpango wenye miaka ndani yake. Sema kwamba msimu wa kwanza ni wa kulipa madeni na kuwapa vijana nafasi, na lengo ni kubaki imara katika daraja hili. Sema msimu wa pili tutapigania nafasi za juu, na wa tatu ndio wa kupanda. Tukipanda mapema, tutashangilia mpaka sauti zikauke. Hamburger SV walikuwa klabu pekee iliyocheza kila msimu wa Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, tangu ilipoanzishwa 1963, mpaka waliposhuka 2018. Kila mwaka walitarajiwa kurudi mara moja. Walimaliza nafasi ya nne mara tatu mfululizo, kisha wakapoteza mechi za mchujo mara mbili mfululizo, kisha wakawa wa nne tena, na hatimaye wakapanda 2025. Wakati wote huo uwanja wao ulikuwa unajaa. Mashabiki tunaweza kusubiri. Kinachotuchosha ni kuambiwa kila Agosti kwamba mwaka huu ndio wenyewe.

Kwa hiyo naomba uitishe mkutano mkuu wa wanachama kabla dirisha la usajili halijafunguliwa, na si baada ya kufungwa kama mwaka jana. Katika ajenda yawepo haya: hesabu ya mikataba, hatima ya timu za vijana na uwanja wa mazoezi, barua za wafanyakazi, na maelezo ya nani aliidhinisha kuuzwa kwa nahodha katikati ya vita vya kutoshuka. Ukija na majibu, hata yawe machungu, mimi nitakuwa miongoni mwa watakaosimama kukuunga mkono. Ukija na ahadi ya msimu mmoja, nitanyoosha mkono na kuomba ipigiwe kura.

Ada yangu ya msimu ujao nimeshailipa.

Wako katika klabu,
Mwanachama