Muziki laini umerudi, punguzeni spika

Ndugu Mhariri,

Zamani nilikuwa mhudumu wa baa katika hoteli moja karibu na stesheni ya reli hapa Dodoma, enzi ambazo mgeni alishuka treni na vumbi mpaka kwenye kope. Jioni kazi yangu ilikuwa kugeuza santuri. Nilizipenda zaidi za Bert Kaempfert, Mjerumani wa Hamburg: tarumbeta ya taratibu, na besi inayodonoa kama kuku kwenye bati. Mwaka 1962 alitoa santuri iliyochota ladha ya kwela, zile filimbi za Afrika Kusini, kwa hiyo msiniambie ni muziki wa Wazungu watupu.

Huko Ulaya na Marekani muziki huu laini ulichekwa sana, eti wa kupigwa ndani ya lifti za maghorofa, mpaka vijana wa miaka ya 1990 wakaufufua. Sasa nausikia hapa mjini, mtaa wa Area D, kwenye mgahawa wa kahawa. Siku ya kwanza nusura nimwage chai kwa furaha.

Lakini Mhariri, spika zenyewe urefu wa mlango! Muziki ule ulitengenezwa ili watu wapige soga. Nilimwomba kijana apunguze, akanijibu, "Mzee, wateja watadhani tumefunga." Hata hivyo alipunguza kidogo, akauliza kama bado ninazo santuri. Ninazo kumi na moja, mbili zimekwaruzika. Nitampelekea Jumamosi, mashine ya kuzipigia atafute mwenyewe.

Mhudumu mstaafu,
Makole, Dodoma